Krosi mpya, mtetemo mpya: usifungue difu kwanza

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Nina Hilux double cabin ya dizeli, injini 5L, 4WD. Nabebea viazi kutoka mashambani Njombe hadi Makambako. Ilianza kugonga 'ko' kila nikiachia klachi, na ikitembea polepole inalia kama kifaranga. Fundi akasema krosi za propela zimekwisha, akabadilisha mbili za nyuma. Kugonga kukaisha, mlio ukaisha. Lakini tangu siku hiyo nikifika 70 gari zima linatetemeka, na 80 ndiyo balaa. Nausikia kwenye kiti na sakafuni, usukani umetulia. Nikitoa gia likaserereka lenyewe, bado linatetemeka. Nimebalansi matairi mara mbili. Sasa fundi anasema difu imechoka, nitafute pesa tuifungue. Nifanyeje?"

Marahaba, ndugu yangu. Pesa ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, iache kwanza ilipo. Kwa maelezo yako mwenyewe difu haijapata kesi ya kujibu. Ninayoishuku ni propela, ile shafti ndefu inayopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi difu, na hasa namna ilivyorudishwa baada ya krosi kubadilishwa. Mtetemo ulianza siku ileile ilipofunguliwa, na hilo peke yake lingetosha kuniingiza chini ya gari na tochi kabla sijagusa spana.

Nimtendee haki fundi wako: krosi zilikuwa zimekufa kweli. Krosi ni kiungo cha propela, chuma chenye umbo la alama ya kujumlisha. Kila mkono wake umevaa kikombe, na ndani ya kikombe zimepangwa sindano nyembamba zinazokaa kwenye grisi. Beringi ya tairi huzunguka duara zima na kujipaka grisi yenyewe. Sindano za krosi hazina bahati hiyo. Zinasogea mbele kidogo na kurudi, mbele kidogo na kurudi, kadiri propela ilivyopinda. Grisi ikikauka, au maji ya mto yakipita kwenye mpira wa kikombe, sindano huanza kuutafuna mkono wa krosi palepale zilipo mpaka zichimbe mifereji. Hapo ndipo kifaranga hulia. Mifereji ikiwa mirefu nafasi inapatikana, na kila ukiachia klachi chuma kinagonga chuma: ko. Kabla ya yote hayo krosi hutoa unga mwekundu wa kutu pembeni mwa vikombe. Ukiuona unga huo siku nyingine, usingoje mlio.

Kubadilisha, basi, alibadilisha sawa. Kurudisha ndiko nina wasiwasi nako.

Ushahidi ulioutoa una nguvu kuliko unavyodhani. Umesema ukitoa gia mtetemo unabaki. Ukiwa nyutro, injini inarudi kwenye sailensa, yaani mzunguko wake wa chini kabisa, lakini matairi, ekseli, difu, propela na shafti ya nyuma ya giaboksi vinaendelea kuzunguka kwa kasi ileile ya barabara. Kwa hiyo injini, klachi na maunti za injini tunaweza kuzitoa kwenye orodha. Umesema tena usukani umetulia na matairi yamebalansiwa mara mbili. Hapo matairi ya mbele nayo yanatoka.

Yamebaki ya nyuma, na hapa hesabu ndogo inasaidia kuliko spana. Tairi la saizi ya kawaida ya Hilux ya zamani hutembea kama mita 2.3 kila likizunguka mara moja. Kwa 80 kwa saa gari linapita mita 22 kila sekunde, kwa hiyo tairi linazunguka karibu mara 10 kwa sekunde. Propela inazunguka zaidi ya hapo, kwa sababu difu inapunguza. Tuseme difu yako ina meno 41 kwa 10: propela itakuwa inazunguka kama mara 40 kwa sekunde. Tofauti hiyo mwili wako unaweza kuisikia. Tairi bovu linakutikisa, unakaribia kuhesabu mapigo: du, du, du, kama mtu anayegonga kiti kwa nyuma. Propela haikutikisi hivyo. Inavuma, kama umekaa kwenye kibanda kilichopakana na mashine ya kusaga. Kioo cha kati kinapoteza sura, na maji ndani ya chupa yanafanya vijikunjo vidogo juu. Ukiniambia wa kwako ni mvumo, matairi nayaachia. Ukiniambia ni mtikiso wa taratibu, rudi kaangalie matairi ya nyuma na rimu zake, maana rimu iliyopinda shimoni haiponi kwa balansi.

Sasa twende kwenye kosa ninalolitegemea.

Krosi ina tabia moja ambayo fundi anaweza kufanya nayo kazi miaka kumi bila mtu kumweleza. Propela ikiwa imepinda hata kidogo, upande wa pili wa krosi hauzunguki kwa mwendo ulio sawa na wa kwanza. Giaboksi inazungusha kwa utulivu, lakini baada ya krosi shafti inakimbia kidogo, inachelewa kidogo, inakimbia, inachelewa, mara mbili kwa kila mzunguko. Chukua pembe ya nyuzi 10. Upande wa giaboksi ukizunguka mara 3,000 kwa dakika bila kuyumba, upande wa pili utapanda mpaka kama 3,046 na kushuka mpaka kama 2,954, na kupanda tena, siku nzima. Jambo hili ni la zamani kuliko magari. Robert Hooke wa Uingereza aliandika juu ya kiungo hiki mwaka 1676. Jina lake jingine limetokana na Mtaliano Gerolamo Cardano, na ndiyo maana ndugu zetu wanaotumia Kifaransa huiita propela kardani. Clarence Spicer wa Marekani alipata hataza ya kiungo cha magari mwaka 1903, na jina lake bado liko kwenye boksi za krosi madukani.

Dawa ya huko kukimbia na kuchelewa ni krosi ya pili. Pale ya kwanza inapokimbiza, ya pili inachelewesha, na difu inapokea mzunguko uliotulia. Lakini dawa hiyo inafanya kazi kwa masharti mawili: pembe za krosi hizo mbili zilingane, na masikio ya yoki (zile uma za chuma zinazoshika krosi) za ncha mbili za shafti yakae mstari mmoja. Ukiyapotosha masikio, ya pili haichelewishi tena pale ya kwanza inapokimbiza. Ukiyapotosha robo duara, zote mbili zinakimbiza pamoja na kuchelewesha pamoja, na mtetemo unaongezeka mara mbili badala ya kufutika.

Propela ya nyuma ya Hilux ya namna yako kwa kawaida ni vipande viwili, na kati yake kuna senta beringi iliyoning'inizwa kwenye chasisi. Kipande cha nyuma kina splaini, ile sehemu inayoingia na kutoka springi zinapocheza. Fundi akitaka nafasi nzuri jiliwani hukichomoa kabisa. Asipoweka alama, splaini itakubali kuingia kwa jino lolote. Chuma hakimwambii kwamba amekosea. Barabara ndiyo inayomwambia, ukifika 70.

Kuangalia ni bure. Simamisha gari mahali tambarare, vuta hendibreki, weka mawe mazito mbele na nyuma ya matairi, toa gia, ingia chini. Tazama kipande cha nyuma tu, kuanzia splaini mpaka difu. Upande wa mbele wa bomba kuna yoki yenye masikio mawili yanayoshika vikombe, na upande wa nyuma vilevile. Masikio ya mbele yakitazama juu na chini, ya nyuma nayo lazima yatazame juu na chini. Jicho linatosha kuona kosa la robo duara. Kosa la jino moja au mawili linataka kifaa, na kifaa chenyewe ni pima maji ya fundi mwashi. Zungusha propela mpaka uso wa kikombe cha mbele uwe sawasawa kwenye pima maji, kisha ihamishie kwenye kikombe cha nyuma cha bomba hilohilo. Kuizungusha itabidi uinue tairi moja la nyuma na uachie hendibreki, kwa hiyo gari likae kwenye stendi, lisikae kwenye jeki peke yake, na yale mawe ya matairi ya mbele yawe ya kweli. Ukikuta pima maji inakataa nyuma, umeshapata jibu. Fungua nati nne za flenji ya difu, ile sahani ya chuma ambapo propela imefungwa, rudisha shafti nyuma, chomoa splaini, igeuze mpaka masikio yalingane, rudisha. Ni kazi fupi na huendi dukani.

Neno la pembeni kwa wenye Land Cruiser 80: propela yenu ya mbele ilitoka kiwandani ikiwa na masikio yasiyolingana, kwa makusudi, kwa sababu pembe zake si sawa. Msiinyooshe. Ninayoyasema hapa ni ya propela ya nyuma.

Masikio yakilingana na bado linavuma, tazama flenji. Bolti ni nne na zimepangwa sawasawa, kwa hiyo propela inaweza kufungwa kwenye difu kwa namna nne, na kiwanda kilibalansi moja. Kama hakuna alama ya zamani, fungua, geuza nusu duara, funga, jaribu barabarani. Nimeona magari yakipona kwa hilo tu. Tazama pia vile vipande vidogo vya bati vilivyochomelewa kwenye bomba, ndivyo vizani. Ukiona doa la uchomeleaji na bati halipo, propela imepoteza balansi na inabidi ipelekwe kwa mwenye mashine. Na matope! Matope ya Njombe yakikaukia upande mmoja wa bomba yanatosha kukuletea hadithi hii yote. Kwangua kwanza.

Kuna kosa jingine ambalo haliachi alama nyingi, nalo ni kubana bomba lenyewe kwenye jiliwa. Bomba la propela ni jembamba, na likibonyea kidogo tu balansi imekwenda. Pitisha kiganja urefu wake wote utafute mahali palipobanwa.

Ukifika hapa na hujapata kitu, hesabu krosi. Propela yako ya nyuma ina tatu: moja nyuma ya transfa (lile boksi la gia za 4WD nyuma ya giaboksi), moja baada ya senta beringi, moja kwenye difu. Amebadilisha mbili. Ile ya mbele imekula vumbi na maji yaleyale miaka ileile, na sioni kwa nini iwe nzima. Ipime kwa mkono, gari likiwa limezuiwa na gia imetolewa. Shika flenji kwa mkono mmoja na shafti kwa mwingine, zungusha kinyume, kisha sukuma juu na chini. Usidanganywe na propela nzima inapocheza kidogo kuzunguka, kwa sababu difu na giaboksi zina nafasi yao ya kawaida kwenye meno. Unachotafuta ni tofauti kati ya vipande viwili vinavyoshikwa na krosi. Weka kidole katikati ya kikombe na sikio la yoki. Kikisikia chochote kinasogea, krosi imekwisha, hata iwe kama unene wa karatasi. Lakini kuna krosi isiyocheza kabisa na bado ni mbovu: imekauka ikashikana. Hiyo utaijua ukifungua flenji na kuikunja kwa mkono. Nzima hukunjika laini pande zote. Iliyokwisha hunasa katikati, unausikia mfereji, kama gia inayoingia nyutro. Hii ya kushikana ndiyo hutetemesha bila kugonga, na ndiyo huwapotosha wengi.

Ukiibadilisha, au ukimsimamia fundi aibadilishe, utaratibu ni huu, na nitakaa zaidi pale ninapoona watu wakiharibu.

Alama kwanza. Chukua rangi nyeupe, au tindo kwa kugusa kidogo, weka alama flenji kwa flenji, splaini kwa mfuko wake, na yoki kwa yoki kwenye senta beringi. Chaki haifai, mafuta yataifuta kabla ya saa sita mchana. Kumbuka pia kwamba propela ikitoka, giaboksi haishiki tena matairi. Gia ya kwanza haizuii, P ya otomatiki haizuii. Kwenye Hilux hendibreki inakamata matairi ya nyuma, kwa hiyo unayo. Wenye Land Rover Defender za zamani hawana, kwa sababu yao inakamata propela yenyewe. Mawe, ndugu yangu, kila mara.

Ukishafungua flenji, usiiache shafti ining'inie kwa krosi iliyobaki, ifunge kwa waya kwenye chasisi mpaka utakapoishusha. Kama chini ya mabano ya senta beringi kuna vibati, angalia vilikuwa vingapi na upande gani. Hivyo ndivyo vinavyoweka pembe, na vikitupwa hata krosi mpya zitavuma.

Seklipi, zile pete zinazofungia vikombe, hushikwa na kutu. Mwagia mafuta ya kulegezea, subiri, kisha gonga kikombe kidogo kwenda ndani ili pete ipumue. Itatoka kwa koleo bila vita. Kusukuma vikombe tumia jiliwa na soketi mbili, ndogo upande mmoja isukume kikombe, kubwa upande wa pili ikipokee. Ukilazimika kutumia nyundo, egemeza yoki kwenye kitu kigumu. Kuegemeza bomba na kupiga ndiko kunakopinda masikio, na sikio likipinda krosi mpya itabanwa na kufa mapema.

Krosi ya zamani ikitoka usiitupe, nenda nayo dukani. Pima kipenyo cha kikombe na urefu kutoka uso wa kikombe kimoja hadi cha pili kwa venia. Muuzaji atakuambia "ya Hilux hii hapa", na Hilux zina zaidi ya saizi moja. Wenye magari madogo ya Toyota na baadhi ya vani wajue kwamba propela zao nyingine hazina seklipi kabisa, vikombe vimefungwa kwa kufinywa chuma. Hizo kiwanda kilikusudia ubadilishe shafti nzima, na kuzitengeneza ni kazi ya karakana yenye mashine.

Kabla ya kuingiza mpya safisha matundu ya yoki na ujaribu kikombe kwa kidole. Kikombe kinatakiwa kiingie kwa kusukumwa. Kikiteleza chenyewe ndani ya tundu, yoki imekwisha, na hakuna krosi duniani itakayoiponya. Nimeona yoki zilizotobolewa vidoa kwa senta panchi ili "zibane", na nimeona kipande cha bati la kopo la maziwa kimezungushiwa kikombe. Vyote vinashika wiki mbili.

Sasa sindano. Toa kikombe kipya uangalie kama zote zimesimama kwenye ukuta, zimeshikwa na grisi. Ikianguka moja ikalala chini, kikombe hakitafika mwisho, seklipi itakataa kuingia, na mtu mwenye haraka atachukua nyundo kubwa. Mimi nilikuwa mtu huyo mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilipiga mpaka seklipi ikaingia, nikajisifu, na gari likarudi baada ya siku tatu likiwa na kikombe kilichopasuka. Tangu hapo, seklipi ikikataa natoa kikombe natazama. Haijawahi kutokea nikakuta hakuna sababu. Njia ya kuzuia ni kuusogeza mkono wa krosi uingie ndani ya kikombe kabla kikombe hakijaanza kuzama, ili mkono wenyewe uzishike sindano zisianguke. Ukimaliza upande mmoja, sogeza krosi kuelekea wa pili bila kuuacha wa kwanza uwe mtupu.

Nipo ya grisi, ile chuchu ndogo ya kutilia grisi, itazame upande ambao bomba la grisi litafika gari likiwa limefungwa. Inaonekana ni jambo dogo, lakini krosi ambayo nipo yake haifikiki haitatiwa grisi tena mpaka ife. Zipange za krosi zote upande mmoja, uweze kuzijaza zote bila kuzungusha shafti.

Seklipi za Toyota huuzwa kwa unene tofauti, na kuna sababu. Krosi isiteleze kushoto wala kulia zaidi ya milimita 0.05, yaani kwa mkono usiisikie kabisa, na unene uwe sawa pande zote mbili ili shafti ikae katikati. Ukiweka nene huku na nyembamba kule, shafti nzima inazunguka ikiwa imehama, na hapo umejitengenezea mtetemo. Mwisho, gonga masikio ya yoki kwa nyundo ya plastiki ili vikombe vitulie kwenye pete zake. Krosi mpya ikunjike ikiwa na uzito kidogo, lakini laini. Ikiwa ngumu mpaka utumie magoti, kuna kitu kimebanwa, fungua tena.

Bolti za flenji kwenye Toyota za kazi hukazwa karibu Nm 75 hadi 90 kulingana na modeli, kwa hiyo shika namba ya kitabu cha gari lako. Nati za kujifunga zikishalegea mkononi nunua mpya. Baada ya kilomita 500 ingia chini uzikaze tena. Silazimishi mambo mengi, lakini hili nalilazimisha. Propela ikifunguka upande wa mbele kwenye mwendo huchimba lami, na ikifunguka nyuma hupiga kila kilicho karibu, yakiwemo mabomba ya breki.

Grisi: lithiamu namba 2 yenye EP, yaani ya kuhimili mgandamizo mkubwa, inatosha. Kwenye krosi sukuma mpaka uione ikitokea kwenye vikombe vyote vinne. Kimoja kikikataa, tikisa shafti huku unasukuma. Kwenye splaini fanya kinyume, sukuma kidogo tu. Ukiujaza mfuko wa splaini mpaka ushibe, shafti inakosa pa kurudi springi zinapobonyea, na nguvu hiyo yote inakwenda kwenye beringi za difu na transfa. Lakini usiiache kavu. Splaini kavu hunata na kuachia ghafla, unasikia "ko" moja gari likiwa limeshasimama au ndiyo linaanza kuondoka, na watu wengi wamenunua krosi kwa sababu ya "ko" hiyo. Kwa barabara zako mimi ningetia grisi kila kilomita 5,000 pamoja na kubadili oili, na kila ulipovuka maji yaliyofika kwenye ekseli.

Je, fundi wako aaminiwe lini kuhusu difu? Difu iliyochoka huimba. Ni mluzi au mngurumo unaobadilika ukikanyaga mafuta na ukiyaachia, na wako haubadiliki hata ukitoa gia. Chini ya gari, propela ikiwa imetolewa, shika flenji ya difu uisukume juu na chini. Ikicheza, beringi ya pinioni, ile gia ndogo ya difu inayopokea propela, imekwenda, na hapo nitakuwa upande wake. Mwaga oili pia uitazame. Unga laini kama wa fedha kwenye sumaku ya nati ni wa kawaida kwa umri huo, lakini vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida. Mambo hayo mawili yasipokuwepo, mwambie kwa heshima tuanze na masikio ya yoki, tena mbele yako. Fundi mwenye moyo mzuri hatakasirika.

Ukimaliza, jaribu mara mbili kwenye kipande kilekile cha lami: kwanza tupu, kisha na mzigo. Nakuambia hivi kwa sababu nawajua wabeba viazi, na gunia la lumbesa halina mizani. Likivuma likiwa tupu na kutulia likiwa na mzigo, huenda umeongezewa majani ya springi, nyuma imenyanyuka na pembe ya propela imekuwa kali. Likitulia tupu na kutetemeka likiwa na mzigo pale unapoondoka tu, tazama mpira wa senta beringi kama umechanika, na nati za yubolti zinazofunga ekseli kwenye springi kama bado zimekaza. Niandikie umekuta nini, na uniambie springi za nyuma zina majani mangapi.